Lugha Niliyoitunga Ilimnyima Mama Mkwe Wangu Bwawa

Nimekosa, jamani. Tena sikukosa kwa ujinga, nilikosa kwa akili nyingi, na hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mjinga mngenisamehe. Mimi nilikuwa na cheti.

Jina langu nimewaomba wahariri wasilichapishe. Jua tu kwamba mimi ni Mkamba wa Kitui, nimeoa upande wa Mbumbuni, na miaka ya themanini nilikuwa mtu wa kompyuta katika mradi mmoja wa mabwawa ya mchanga. Ofisi yetu ilikuwa karibu na Kwa Vonza. Siku hizo ukisema wewe ni mtu wa kompyuta watu walikuachia kiti, na mimi nilikuwa nakikalia kabla hata hawajainuka.

Kwa wewe usiyetoka kwetu, bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaokata mto wa msimu. Mto ukija na mvua unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na kushika maji. Ukame ukifika, akina mama wanafukua kidogo tu na kuteka. Kuchimba mtaro hadi kwenye mwamba na kubeba mawe ni kazi ya mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja, na wengi wao ni wanawake. Mradi ulileta saruji na fundi.

Lori lilikuwa moja na vikundi vilikuwa vingi. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua ya Novemba, kompyuta ilipanga foleni. Kikundi kilicho tayari kuliko vingine kinapelekewa saruji kwanza, na anayefuata anafuata. Jambo rahisi kabisa. Mimi sikupenda mambo rahisi.

Programu ya foleni niliikuta pale. Aliyenitangulia alikuwa mwalimu mstaafu, naye alikuwa ametunga lugha yake ndogo ya amri kwa Kiswahili. Maneno yake hayakufika thelathini. Kila jambo lilikuwa na njia moja tu ya kusemwa, na ukitaka kuongeza neno lako mwenyewe, lugha inakukatalia. Mstari wake mmoja nakumbuka ulikuwa hivi: KAMA mtaro na mawe VIMEZIDI vya kikundi cha pili, WEKA kikundi MBELE.

Nilipousoma nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hii ni programu ama ni mahubiri ya Jumapili?

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeipenda programu hiyo. Alikuwa Syokau, mpiga chapa wetu, mama wa makamo aliyeishia kidato cha pili. Kwetu mwethya haushiki jembe kabla masharti hayajasomwa mbele ya watu wote, na kila mtu, awe amesoma au hajasoma, ana ruhusa ya kusimama na kusema hapo hamjasema sawa. Basi Syokau alikuwa anabeba karatasi za programu, anaenda nazo kwenye mikutano ya vikundi, anazisoma kwa sauti mstari kwa mstari, halafu anazisema tena kwa Kikamba.

Na walikuwa wanasahihisha! Siku moja mama mzee asiyejua kushika kalamu alimsimamisha. Akasema programu inahesabu mawe kwa malundo, na malundo ya kwao ni makubwa kuliko ya jirani, kwa hiyo wanapunjwa. Mwalimu akabadilisha mstari siku hiyo hiyo.

Nilipoambiwa kisa hicho niliona aibu kwa niaba ya kompyuta. Bibi kizee anaisahihisha programu? Tumesomea nini basi?

Ndiyo maana nikatunga lugha yangu. Niliipa jina Huria.

Nisiwe mwongo, Huria ilikuwa na uzuri wake. Lugha ya mwalimu ilikuwa ngumu kama mti mkavu. Kikundi kikijenga mabwawa mawili kwa mpigo, haikujua ikiweke wapi, na Syokau alilazimika kuandika kwa mkono pembeni. Huria ilipinda popote ulipotaka. Unaweza kuanza na mwisho au na mwanzo. Unaweza kutunga neno lako, au kuchukua neno lililopo na kulipa kazi nyingine. Kurasa mbili za mwalimu nilizimaliza kwa mstari mmoja wa alama usiozidi kidole changu cha kati.

Syokau aliushika ule mstari, akaugeuza juu chini.

"Sasa hii mimi nitawasomea watu namna gani?"

"Huwasomei. Unawapelekea foleni tu. Kompyuta imeshafikiria."

"Na wakiuliza kwa nini?"

"Waambie wasubiri zamu."

Alirudi kwenye taipu yake akaanza kugonga kwa nguvu sana, na mimi nikadhani ni wivu.

Mwezi mmoja kabla ya kupanga foleni, tukapata wageni kutoka Nairobi. Mkubwa wetu akaniambia niwaonyeshe maajabu. Nikavaa tai! Nikawaeleza kwamba katika Huria hakuna kitu kisichobadilika. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, akauliza kama hata ile alama ya "kubwa kuliko" inabadilika.

Hata hiyo, nikamwambia. Nikaigeuza hapo hapo mbele ya macho yao, ikawa inamaanisha "ndogo kuliko." Nikaiuliza mashine kama tatu ni kubwa kuliko tisa. Ikajibu NDIYO.

Wageni wakapiga makofi. Mkubwa akanishika bega. Nikaihifadhi kazi kwenye diski, nikawapeleka wageni kunywa chai na mandazi.

Sikuirudisha ile alama. Niliisahau kabisa, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Oktoba ikafika, nikapanga foleni. Sasa wewe msomaji umeshajua kilichotokea. Mimi niliyekuwa na cheti sikujua. Foleni ilitoka kichwa chini miguu juu. Wale ambao hawakuwa wamefanya chochote walikuwa mbele, na waliojitesa mwaka mzima walikuwa mkiani.

Kikundi cha kwanza kupelekewa saruji kilikuwa hakijaokota hata jiwe moja. Na hawakulalamika, nani angelalamika? Walipiga vigelegele, wakaipanga mifuko vizuri ndani ya kanisa lao, ikagandia humo humo.

Fundi alirudi na lori akiwa amekasirika.

"Bwana, kule hakuna mtaro. Nijenge ukuta juu ya nini?"

Nikamwambia foleni imezingatia mambo mengi asiyoyaelewa. Ndivyo nilivyosema, Mungu ananisikia.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu.

Yeye alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa kwao. Jina lake silitaji, na hata kama ningetaka kulitaja, kinywa kingekataa. Sisi tuna kitu tunaita nthoni. Mwanamume hasimami uso kwa uso na mama wa mke wake. Mkikutana njiani, wewe unaingia vichakani anapita. Humwiti kwa jina, wala humpi mkono. Siku hizi wengi wameacha. Mama mkwe wangu alikuwa ameokoka na anaongoza nyimbo kanisani, lakini nthoni hakuiacha, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Kikundi chake kilikuwa kimefanya kazi ambayo hujawahi kuona. Tangu Februari wanawake wale walichimba mtaro hadi wakagonga mwamba. Mawe waliyatoa kilimani, wengine kwa punda, wengine kwa mgongo. Mke wangu alikwenda kuwasaidia, akarudi na viganja vimechubuka. Maji yao ya kiangazi yalikuwa mwendo wa nusu siku, kwenda na kurudi.

Na foleni yangu ikawaweka wa mwisho kabisa.

Mama akafunga safari. Kutoka Mbumbuni hadi Kwa Vonza si hapa na pale. Alilala kwa dada yake, akaomba lifti ya lori la mchanga, akafika ofisini saa nne asubuhi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa dirishani. Nilipoona ile leso yake ya kijani nilitoka kwa mlango wa nyuma mbio, nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Hiyo ndiyo heshima. Mtu yeyote wa kwetu angefanya vivyo hivyo. Ila fikiria: mtu mmoja tu duniani alikuwa anaweza kuisoma ile programu, na mtu mmoja tu alikuwa amekuja kuiuliza swali, na hao wawili hawaruhusiwi kuonana!

Nilisikia kila kitu. Ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao.

"Mimi sijakuja kugombana," mama akasema. "Mimi nataka nisomewe tu. Hiyo karatasi inasema sisi tumekosa wapi?"

Syokau akaitoa. Akakohoa.

"Mwaitu, mama yetu, hapa kuna alama ya kuuliza. Halafu kuna herufi em. Halafu kuna kitu kama mdomo ya ndege, imefunguka. Halafu nyota mbili."

"Nyota?"

"Nyota mbili, mama."

"Hiyo ni mtu anaongea ama ni kuku amepita kwa karatasi?"

Syokau alicheka, halafu akaacha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye haelewi, na kwamba mwenye kuelewa yuko hapo nyuma.

Mama alielewa mara moja ni nani aliye nyuma na kwa nini. Hakuja kunifuata, kwa sababu nthoni inawafunga wote wawili. Alitoka nje, akasimama upande wa pili wa tangi, akanipa mgongo bila kuniona, akaongea na tangi. Ni desturi pia hiyo. Ukiwa na neno la lazima, unalipitishia mahali.

"Wewe tangi," akasema. "Mtaro yetu imefika kwa mwamba. Mawe iko, hata imebaki. Watoto wetu wa kike wameumia mikono. Kama kuna kitu hatujafanya, tangi, tuambie tukafanye. Mvua imekaribia."

Mfukoni nilikuwa na nakala ya programu. Niliikunjua polepole isitoe sauti. Nikaitazama.

Jamani! Sikuweza kuisoma!

Niliiandika kwa mkono wangu, miezi mitatu tu ilikuwa imepita, na nilikuwa naiangalia kama barua ya mtu mwingine. Ile em nilikuwa nimeipa kazi gani? Hizi nyota zinaanzia wapi? Nilijua kuna maneno niliyoyabadilisha, lakini nimeyabadilisha lini na kuwa nini, sikumbuki.

Ningesema maneno manne tu. Mama, sijui, ngoja niangalie. Hayo tu! Lori lilikuwa bado uani. Saruji ilikuwa bado stoo.

Lakini mimi nilikuwa mume wa binti yake, yule aliyesomea kompyuta, ambaye alisifiwa siku ya mahari kuliko ng'ombe wenyewe. Nitasemaje sijui?

"Tangi," nikasema, "mwambie mama kwamba kompyuta haikosei. Wawe na subira."

Nikasikia viatu vyake kwenye changarawe.

"Haya," akasema. "Tumesikia."

Akaondoka. Chai aliyowekewa na Syokau hakuigusa.

Mvua ilikuja siku kumi na moja baadaye, na mwaka huo haikuja kwa mzaha. Mto wa kwao uliingia kwenye ule mtaro uliokuwa wazi, ukabomoa kingo zote mbili na kuyasomba mawe. Mke wangu alikwenda kuangalia. Aliporudi aliniambia, "Wamama wamekaa tu kwa ukingo. Hakuna mtu analia. Ni afadhali wangelia." Mimi nilijibu kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Nilimsukumia Mungu!

Hapo ndipo hofu ilinishika. Nikachapisha programu yote, kurasa nne, nikajifungia ofisini niisome. Kurasa nne zilinichukua siku tisa. Nilitumia kalamu ya rangi, nikatumia daftari la pembeni, nikaandika kila alama kwa maneno marefu ili nielewe. Siku ya tisa nikagundua kwamba nilichokuwa nimeandika kwenye daftari ni programu ya mwalimu mstaafu, karibu neno kwa neno. Mstari mmoja tu ulitofautiana. KAMA mtaro na mawe VIMEPUNGUA, WEKA kikundi MBELE.

Nikakumbuka miwani ya yule mgeni, na makofi.

Niliirudisha alama mahali pake. Kugonga kibonye mara moja, basi. Halafu nikaenda kwa mkubwa nikamwambia umeme wa jenereta ulikuwa unaruka, ukaivuruga foleni. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hakuna aliyeweza kunibishia, kwa sababu hakuna aliyeweza kuisoma Huria. Uzuri wake mwingine huo!

Jenereta haina mdomo. Ilibadilishwa. Mimi nikapelekwa semina.

Mwaka uliofuata ufadhili ukapungua, na wa pili mradi ukafungwa. Zamu ya kwao haikufika tena.

Mambo hayo ningeenda nayo kaburini, kama si Desemba iliyopita. Wazee wa pande zote walikaa wakaona sasa nywele zimekuwa nyeupe, mama anazeeka, akiugua nani atamshika mkono? Mbuzi akachinjwa, nthoni ikaondolewa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya ndoa niliketi mbele ya mama mkwe wangu nikamwona macho. Ana macho ya mke wangu kabisa. Hilo nilikuwa sijui.

Tukala. Tukaongea habari za mbaazi na wajukuu. Halafu akanawa mikono, akaikausha kwa leso, akaniuliza.

"Mwanangu, ile karatasi ya wakati ule. Ilikuwa inasema nini?"

Sasa hapakuwa na tangi. Hapakuwa na mila ya kunizuia. Watu wa nyumbani walikuwa wametoka, tuko wawili.

Nikasema ni jenereta.

Nilisema hivyo! Kinywa changu kilikimbilia pale pale kilipozoea.

"Jenereta," akarudia. "Ooh. Kumbe ni mashine. Sisi tulifikiria ni sisi. Tulisema, kama kompyuta haikosei, basi kuna mtu hapa alidanganya kazi. Tukahesabiana mawe. Tukasema ni Mbithe, yeye ndiye alikuwa na mgonjwa nyumbani, alikuwa anakuja akichelewa. Tukamtoa kwa mwethya. Aliacha hata kuja kanisa. Baadaye tukashindwa kuaminiana, tukaachana. Mpaka leo hatujawahi kushika jembe pamoja tena."

Mimi nikawa naangalia sahani.

"Mbithe alikufa mwaka juzi," akasema. "Ningejua ni mashine ningemwambia." Halafu akainuka akamtafuta punda wake, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha na mwendo ni ule ule wa nusu siku. Nilimwambia nimsaidie, akakataa, ati mimi ni mgeni.

Ndugu yangu unayejifunza kompyuta, nisikilize. Lugha inayokuruhusu kila kitu ni tamu, mimi siwezi kukudanganya. Itumie. Lakini ukimaliza, mwite mtu asiye na cheti umsomee ulichoandika. Akikwama, usimcheke, rudi ukaandike upya. Na ukiulizwa swali usilolijua, sema hujui! Halitakuua. Mimi sikusema, na sikufa, nilikula mshahara vizuri tu. Waliolipa ni wengine.

Najua mtasema bado najificha, ninaungama gazetini badala ya kwenda kwa mwenyewe. Ni kweli. Mimi ni mwoga, nimekwisha kuonyesha. Lakini mke wangu hununua gazeti hili kila Jumapili, na ukurasa huu huusoma kwa sauti baada ya kanisa, na siku hizi mama yake yuko kwetu anatibiwa mguu, hukaa hapo kando akimenya mbaazi na kusikiliza. Nimejitahidi kuandika kila kitu kwa maneno ya kawaida. Jumapili hii nitakuwa nimeketi mezani nao, sitatoka.

Mama, mawe yenu yalitosha. Mbithe hakudanganya. Nyinyi mlikuwa wa kwanza.